Kompyuta Niliyoiboresha Bila Kuombwa

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Kisumu nikaambiwa kwamba mzee mmoja aliyekuwa na duka la kupiga chapa, ghorofani, katika barabara iliyo nyuma ya soko, amefariki. Aliyepiga ni mama fundi cherehani ambaye chumba chake kilipakana na cha mzee kwa miaka mingi. Alisema mzee aliugua kifua, akalazwa siku nne, na familia ilikwisha kumsafirisha kwenda kumzika kwao, sehemu za kati za nchi alikozaliwa. Kisha akaniuliza kama ningeweza kwenda kuangalia mashine zake, maana watoto wake hawajui ipi ya kuweka na ipi ya kutupa. Nilikubali. Lakini wasomaji wa safu hii wamenizoea nikisema mambo yangu wazi, kwa hiyo niseme na hili: hisia ya kwanza iliyonijia haikuwa huzuni. Ilikuwa hofu kwamba mtu mwingine ataifungua kompyuta ile kabla yangu na kuona nilichoifanyia. Huzuni ilikuja baadaye, nikiwa nachemsha chai.

Mzee alifika Kisumu mwanzoni mwa miaka ya themanini kuuza madaftari na kalamu. Baadaye alinunua taipureta, na mwishoni mwa miaka hiyo akapata kompyuta iliyotoka katika ofisi fulani iliyokuwa ikifungwa. Aliandika barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule na kumbukumbu za mikutano ya vikundi vya akina mama wa Dunga wanaouza samaki. Lakini kazi iliyompa jina ilikuwa vijitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu mbele na ndani wasifu wake, nyimbo na orodha ya familia. Watu walitoka Ahero, Katito, hata upande wa Kendu Bay, wakapita maduka mengine mawili ya kupiga chapa na kupanda ngazi zake. Nilishangaa kwa nini Wajaluo wampelekee mgeni kazi kama hiyo, na Dholuo yake, lugha ya wenyeji, ilikuwa ya sokoni, ya kununulia nyanya. Siku moja nilipomwuliza, alinijibu kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe. Wenyeji hudhani wanajua, kwa hiyo hawaulizi. Yeye aliuliza. Kabla hajagusa kibodi alitaka kuambiwa mikayi ni nani, yaani mke wa kwanza, kisha nani alifuata kuolewa, na kila mtoto ametoka nyumba gani, walio hai na waliotangulia.

Niliwahi kumwona akibishana na kaka wawili waliomletea karatasi iliyokunjwa. Mmoja alimwambia, "Mzee, wewe piga tu vile tumeandika." Naye akaivua miwani na kuiweka mezani. "Nyinyi mkikosana mtaenda nyumbani mkasirikie huko," akasema. "Mimi nitabaki hapa, na hii ngazi yangu kila mtu anaijua. Nani aliolewa kwanza?" Kaka wale walitazamana, wakaanza kulumbana kwa Dholuo, na ikawa lazima mmoja ashuke kwenda kumwita shangazi yao aliyekuwa amekaa chini kwenye gari. Shangazi alipanda taratibu, akatoa majibu yote kwa dakika tano, akawaambia wapwa zake kwamba wangemwaibisha.

Mimi nilimjua mwaka wa tisini na nne. Sikuwahi kukaa darasani kujifunza kompyuta. Nilijifunza kwa vitabu vya maelekezo vilivyokosa kurasa, na kwa kuharibu mashine za watu waliokuwa wavumilivu. Mtu aliyejifunza hivyo hubaki na woga fulani: kila kitu lazima kiwe sawasawa, kwa sababu ukikosea kidogo tu watasema, unaona, hakusoma. Niliitwa kwake kurekebisha printa, na nilipoona kompyuta yenyewe niliionea haya kana kwamba ni yangu. Skrini ilikuwa nyeusi, yenye maandishi ya kijani. Hapakuwa na kipanya wala picha ndogo za kubofya. Mzee aliandika amri kwa vidole viwili, mashine ikatii. Ilikuwa ikimtii hivyo kwa miaka kadhaa bila kukwama, lakini hilo sikulihesabu.

Kuanzia mwaka uliofuata, mambo yalianza kumbana. Muuzaji wa kompyuta mjini alimwambia hatamtengenezea tena mashine hiyo mpaka akubali kuwekewa mfumo mpya, ule wa madirisha na rangi. Aliyempelekea riboni za printa naye akaanza kusema hizo zinaisha. Walimu walileta disketi zilizoandikwa kwenye mfumo mpya, mzee akiziingiza mashine inasema haizitambui, na mwalimu anashuka ngazi na mtihani wake. Hakuna mteja hata mmoja aliyekuwa amelalamikia kazi yake. Uamuzi ulikuwa umefanywa mbali, na watu wasiojua kama Ahero iko duniani, na ukamfikia yeye kama notisi ya kuhama.

"Sijaona mahali hii mashine imeniangusha," aliniambia. "Sasa mbona kila mtu ananiambia ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa, Mzee. Ni ya zamani."

"Hata mimi ni wa zamani. Utaniboresha?"

Tulizungumza njia nyingine, kwa wiki kadhaa. Alifikiria kurudi kwenye taipureta na stensili, na akaitoa taipureta chini ya meza akaipangusa vumbi, lakini vidole vyake vilikuwa vimezoea kufuta kosa bila kuchafua karatasi. Mimi nilimletea habari ya mfumo wa bure, uliotungwa na watu wanaojitolea nchi mbalimbali, ambao rafiki yangu wa chuo kikuu alikuwa amenakili kwenye rundo la disketi. Niliusifu nusu saa nzima. Hakuna muuzaji wa kukusukuma, nilimwambia, hakuna wa kukulazimisha kubadilisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ikikwama, nitamwuliza nani?" Nikasema mimi. "Na wewe ukihama?" Nilimwambia sina mpango wa kuhama. Akacheka kidogo, akaendelea kupanga karatasi zake.

Mwishowe walimu walimshinda. Hakutaka kuwapoteza. Jumatano moja aliniambia, "Haya, weka hiyo mpya. Lakini usiguse ya zamani." Nilisikia vizuri maneno yote, na siwezi kujitetea kwamba sikuelewa. Ilikuwa inawezekana kuweka mifumo miwili katika kompyuta moja, ingawa kwa kubanana. Ila mimi niliona uchafu. Niliona diski ndogo imegawanywa kama chumba cha kupanga chenye pazia katikati. Siku iliyofuata mzee alikwenda Katito kumwona mteja, akaniachia ufunguo. Nilifuta kila kitu, nikaweka mfumo mpya peke yake, nikaunganisha kipanya na skrini ya rangi nilivyokuja navyo, nikarudisha mafaili ya kazi zake, na nikakaa nikiitazama ile skrini ya rangi nikijipongeza.

Kulikuwa na kazi moja iliyosubiri kuchapwa: kijitabu cha mazishi ya mzee wa Ahero, mwenye wake watatu na watoto wengi. Maziko yalikuwa Jumamosi. Mzee wangu alikuwa ameshakiandika chote Jumatano, kilichobaki ni kutoa nakala. Nilipokifungua kwenye mfumo mpya, maandishi yalikuwepo lakini mpangilio ulikuwa umevunjika. Safu zilizoonyesha kila mama na watoto wake zilikuwa zimeporomoka, majina yakawa lundo moja. Mtu mwenye akili timamu angesubiri mwenye duka arudi. Mimi nilikuwa nimegundua kwamba programu mpya ya kuandikia inaweza kupanga orodha kwa alfabeti kwa kubofya mara moja. Nikabofya. Wake watatu wakajipanga, kisha watoto wote, kuanzia A mpaka Z, wamenyooka kama gwaride. Nilichapa nakala zote, nikazikunja, nikazifunga kwa kamba. Nilidhani nimemwokolea siku nzima.

Ijumaa asubuhi mzee alikuwa amerudi, na kabla hata sijamweleza habari za mfumo, wenye kijitabu walifika: mtoto wa kwanza wa marehemu na baba yake mdogo, mtu mnene mwenye kofia ya sufu. Mtoto alifungua nakala ya juu akasoma akiwa amesimama. Akageuza ukurasa, akaurudia. Kisha akampa baba mdogo.

"Nani alipanga hii?" baba mdogo akauliza.

Nikasema ni mimi, na kwamba ipo sawa, nimefuata alfabeti.

"Alfabeti ilioa lini?" akasema. "Huyu ndugu yangu alioa wanawake watatu. Mama wa huyu kijana ndiye mikayi, jina lake linaanza na R, umemweka mwisho. Yule mdogo anaanza na A, umemweka juu. Na watoto umewachanganya kama dagaa wa omena kwenye gunia. Mtu akisoma atajuaje nani ni wa nani?"

Yule mtoto alizungumza pole pole, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema mwili unatoka mochari saa nane, na magari yanaondoka moja kwa moja kwenda nyumbani. Alisema nyumba hizo tatu hazikuwa zikisalimiana vizuri tangu mzee augue, na kwamba walikaa siku mbili nzima na wazee kukubaliana juu ya kila kitu, hata nani atasoma wasifu. "Mama yangu akisomwa wa mwisho mbele ya watu, hakuna mtu wa nyumba yetu atasimama kando ya kaburi," alisema. "Na wale wengine watasema sisi ndio tumeharibu mazishi ya baba. Hii karatasi haiwezi fika nyumbani."

Nilianza kusema kwamba naweza kupanga upya. Nikauliza kama wana ile karatasi waliyoandika kwa mkono. Hawakuwa nayo, ilibaki nyumbani. Nikaketi mbele ya skrini yangu nzuri, na sikujua mtoto hata mmoja ni wa mama yupi.

Mzee alisimama, akaenda dirishani, akachukua kopo la kakao alimotunza disketi. Kwa sababu ya umeme wa Kisumu kukatika, kila jioni alinakili kazi ya siku kwenye disketi, na alikuwa na nyingine yenye ule mfumo wake wa zamani, ya kuwashia mashine ikileta shida. Aliizima kompyuta, akaingiza disketi, akaiwasha. Skrini ikawa nyeusi. Akabadilisha disketi, akaandika amri kwa vidole vyake viwili, na kazi ya Jumatano ikatokea, mikayi juu na watoto wake chini yake, na nyumba zote mahali pake. Printa ilianza kupiga kelele. Yeye alikunja, mimi nikapanga, yule baba mdogo akahesabu kurasa akinung'unika. Kabla ya saa saba walikuwa wanashuka ngazi. Mtoto alipouliza kosa lilitokea wapi, mzee alijibu, "Kosa ni la duka. Poleni na msiba."

Walipoondoka alifunga mlango.

"Nilisema usiguse ya zamani."

"Niliona itakuwa safi zaidi, Mzee."

"Safi kwa nani?"

Kisha akanituma nikanunue maziwa.

Nilitegemea atanifukuza, au ataniamuru nirudishe mfumo wa zamani na kuutupa ule mpya. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuacha mpya kwa ajili ya walimu, akajifunza kipanya kwa shida na matusi ya Kikuyu, na kazi za mazishi akaendelea kuziandika kwa kuwasha mashine kwa disketi. Alibadilika kwa mwendo aliouchagua, kazi kwa kazi. Mimi nilihamia Nairobi mwaka wa tisini na saba, nikiwa nimesahau kwamba niliwahi kumwambia sina mpango wa kuhama. Bila shaka yeye hakuwa amesahau. Kama angekuwa ameuchukua ule mfumo wa bure niliousifu, angebaki nao peke yake pale ghorofani.

Nayaandika haya wakati ambapo ofisi nyingi zinaambiwa zitupe mashine zao kabla mwaka wa elfu mbili haujafika, kwa sababu eti tarehe zitazichanganya. Huenda baadhi zitachanganyikiwa kweli. Mimi mwenyewe nimelipwa kuzikagua. Lakini nimeona pia wauzaji wakitumia hofu hiyo kuondoa kompyuta ambazo kazi yake haina tarehe yoyote ndani yake. Kwa miaka mingi nimewalaumu, na nimewalaumu waliotunga mifumo hiyo, kwamba wanamgeuza mtu mgeni kwenye meza yake mwenyewe. Kufa kwa mzee kumenilazimisha kukiri kwamba siku ile ya Alhamisi hakuna muuzaji aliyekuwepo. Nilikuwa mimi, na ufunguo wa kuaminiwa, na nia njema. Mwezi uliopita tu, katika ofisi moja hapa mjini, katibu aliniambia hataki programu yake iguswe, nikajikuta nikimweleza faida za mpya kabla hajamaliza sentensi. Alininyamazisha kwa kuniangalia.

Mifumo itaendelea kubadilika, na mingine itastahili kubadilika. Sina ugomvi na hilo. Nilichojifunza kwa mzee ni kwamba anayepaswa kuchagua siku ni yule atakayeulizwa na wateja mambo yakiharibika. Sisi wengine, hata tukijua zaidi yake, kazi yetu ni kumsikiliza mpaka mwisho, pamoja na ile sehemu tusiyoipenda.