Mama Kofia Anashuka Ngazi

Pumzi moja fupi, ikivutwa kwa pua karibu na kipaza sauti. Hiyo ndiyo sauti ambayo Emilian amebaki nayo. Mkewe Vumilia aliivuta hivyo kila alipotaka kumpa maneno mwanamke wa kwenye filamu, na spika iliyofungwa juu ya nguzo ya banda iliikuza mpaka watu kwenye mabenchi wakaacha kutafuna karanga. Walijua mama anataka kusema.

Banda lenyewe lilikuwa nyuma ya soko la Karatu, kuta za mabati, mlango wa blanketi. Ndani televisheni moja na deki moja. Nje jenereta lililokohoa kama mzee mwenye kifua. Kanda zilikuwa za Kizungu, na waliokuja kuzitazama walikuwa vibarua wa mashamba ya kahawa, wakulima wa vitunguu kutoka Baray, na wafugaji walioshuka kutoka Nainokanoka siku za mnada. Kiingereza hawakukijua. Emilian na Vumilia nao hawakukijua, ila hilo hawakumwambia mtu. Walikaa kando ya televisheni juu ya magunia, kipaza sauti kimoja kikipita kati yao mkono kwa mkono. Wanaume wote wa filamu waliongea kwa mdomo wa Emilian, wanawake wote kwa mdomo wa Vumilia. Waliitazama midomo na mikono ya wale Wazungu, wakasema walichoona kinawafaa.

Walikuwa wamejifunza kazi hiyo shambani. Emilian, Mnyaturu, alitoka Singida akiwa kijana kuja kuchuma kahawa. Vumilia alitoka Mbulu kwa kazi hiyohiyo. Siku moja, msimamizi akiwa amegeuka tu, Vumilia alimwigiza kikohozi chake na maneno yake ya asubuhi. Emilian, aliyekuwa mstari wa pili na hajawahi kumsalimia, akajibu kwa sauti ya mke wa msimamizi. Tangu hapo walichuma wakiwa wawili lakini miti ikasikia watu wengi: msimamizi, mkewe, padri, mbwa wa padri. Walipooana walinunua deki na katoni la kanda kwa meneja mmoja wa shamba aliyekuwa anarudi kwao.

Ndani ya katoni hilo ndimo ilimokuwa filamu ambayo Karatu haikuichoka. Ilikuwa ya vichekesho, ya zamani, wageni wengi wamekwama kwenye hoteli moja kwa sababu ya theluji. Jina lake la Kizungu lilikuwa limefutika kwenye kanda, kwa hiyo watu waliiita Hoteli ya Barafu. Meneja wa hoteli, mwenye masharubu yaliyopinda, akawa Bwana Sharubu. Mtu mwembamba aliyekula kila kilichowekwa mezani akawa Padri Njaa. Na yule mama wa makamo ambaye wote walimdhania mwizi, asiyevua kofia yake hata wakati wa kula, akawa Mama Kofia.

Mwishoni mwa filamu theluji inayeyuka. Wageni wanapakia mizigo, na Mama Kofia anashuka ngazi akiwa na sanduku lake, anasimama mbele ya Bwana Sharubu na kuongea kwa muda mrefu. Hapo Vumilia alisema. Alisema mpaka banda likawa kimya, halafu mtu mmoja akacheka, halafu mtu mwingine akapenga kamasi. Kisha Mama Kofia anavua kofia na kuiweka juu ya kaunta, na Emilian anafunga kazi kwa sauti nzito ya Bwana Sharubu: "Haya, iache hiyo kofia, ili nijue utarudi." Banda lilikuwa likilipuka. Watoto wa soko waliisema sentensi hiyo barabarani, makondakta wakawaambia abiria, na Emilian akipita watu walimwita kwayo.

Banda lilikufa taratibu, ving'amuzi vilipoingia majumbani na simu zikaingia mifukoni. Mabati wakayageuza paa la jiko. Kanda zikaota ukungu ndani ya katoni lao, panya wakamalizia. Wala hawakusikitika sana. Waliendelea kuigizana jikoni. Masika ya mwaka jana figo za Vumilia zilisimama, naye akazikwa nyuma ya nyumba, upande wa migomba.

Ndipo Emilian alipogundua kwamba hakumbuki. Alikuwa akiwamwagia kuku mahindi, akataka kumsikia Mama Kofia akishuka ngazi, na alichopata ni ile pumzi tu. Baada ya pumzi, hakuna kitu. Alijaribu akiwa amelala, akiwa anapalilia, akiwa kanisani wengine wanaimba. Misa ya mwaka ilikuwa inakaribia, na mume ndiye angesimama kumzungumzia marehemu. Emilian hakutaka kusema alikuwa mke mwema na mcha Mungu kama wanavyosemwa wote. Alitaka kusimama mbele ya watu na kuyasema maneno ya Vumilia mwenyewe, yale ya mwisho wa filamu, ili kila mtu ajue ni nani waliyemzika.

Alimwambia binti yake, Witness, ambaye ni mpokea wageni kwenye lodge moja karibu na geti la Ngorongoro. Witness alimsimulia mgeni mmoja anayekuja mara kwa mara habari za hoteli, theluji na kofia, na mgeni akapiga makofi: anaijua filamu hiyo, babu yake alikuwa akiipenda. Aliporudi safari iliyofuata alikuwa na kiboksi chenye diski.

"Baba, unaikumbuka Hoteli ya Barafu?" Witness aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Unamuuliza mpishi kama anaukumbuka ugali?"

"Wameisafisha. Huko kwao wameitoa ghalani, wakaifuta uchafu picha moja baada ya nyingine, sasa wanaiuza upya, watu waitazame nyumbani. Hii hapa."

Emilian alikipokea kiboksi kwa mikono miwili. Bwana Sharubu alikuwa juu ya jalada na masharubu yake, kijana kuliko alivyomkumbuka. Akakaa. Picha ikija, alijiambia, mdomo ukifunguka, maneno yatakuja yenyewe. Yako mahali fulani, yanangoja kuona uso tu.

Waliitazama Jumapili mchana, watu wakitoka ibadani, mapazia yakiwa yameshushwa. Witness alikuwa ameazima deki inayocheza diski. Petronila alikuja na kikapu cha vitunguu kutoka Baray. Alikulia nyumba moja na Vumilia, wakaitana dada. Parsimei naye alikuja kutoka Nainokanoka na shuka lake jipya, mzee sasa, aliyewahi kukaa benchi la mbele kila siku ya mnada.

"Mnyaturu!" alisema akiinama mlangoni. "Leo kiingilio bure, au nikamlete mbuzi?"

"Wewe uliwahi kulipa lini? Ulikuwa unafunua bati la nyuma na rungu lako."

"Rungu ndiyo tiketi yangu. Nani alinizuia?"

"Nani angekuzuia na hilo rungu?"

Petronila alikuwa amekiokota kiboksi, anakigeuzageuza. "Shemeji," alisema, "na sauti ya dada yangu nayo wameisafisha?"

Witness akamshika mkono. "Mama mdogo, sauti ya mama haikuwamo kwenye kanda. Walikuwa wanasema palepale."

"Najua, mwanangu. Nilikuwepo. Nimeuliza tu."

Picha ikatokea, na wote wanne wakasogea mbele bila kujua. Mistari iliyokuwa ikikatiza uso wa kila mtu ilikuwa imeondoka. Theluji, waliyokuwa wakiiona kama majivu, ilikuwa nyeupe ya kuumiza macho. Ukuta wa hoteli ulikuwa na maua madogo. Padri Njaa alikuwa na kiraka kwenye kiwiko. Na kofia, ambayo Karatu nzima iliapa ni nyeusi, ilikuwa ya kijani.

"Kijani!" Petronila alishika kifua. "Miaka yote hiyo tumemvika msiba."

Wale watu waliongea Kizungu, na Witness akaanza kuwatafsiria. Anauliza funguo. Anasema chumba chake kina baridi. Anauliza treni itafika lini. Baada ya muda Parsimei alimgeukia.

"Mtoto, hawa watu mbona wanaongea mambo ya kweli tu? Zima sauti. Mpe baba yako."

Witness alizima sauti. Emilian alijikohoza kidogo, na Bwana Sharubu akafungua mdomo, na sauti nzito ikatoka, haijazeeka hata kidogo. Petronila alipiga paja. Padri Njaa akaomba baraka juu ya kuku wa mwenzake, Parsimei akacheka mpaka akavua shuka begani. Emilian alikuwa amenyooka mgongo. Maneno yalikuja mengi, yakisukumana.

Lakini kila mwanamke alipofungua mdomo, chumba kilinyamaza. Mjakazi alipaza mikono, akalalamika kimyakimya, akaondoka. Mke wa jenerali alimgombeza mumewe bila sauti, na Emilian akamjibu kwa sauti ya mumewe, kwa unyenyekevu mkubwa, akijibu kitu ambacho hakikusemwa. Petronila alijaribu kumsaidia mara moja, akasema neno moja, akajifunika mdomo kwa kanga. "Siwezi," alisema. "Endelea, shemeji."

Theluji ikayeyuka. Mizigo ikapakiwa. Mama Kofia akaonekana juu ya ngazi.

Emilian alitoka kwenye kiti, akapiga goti karibu na televisheni, pale ambapo zamani kulikuwa na magunia. Mama Kofia alishuka, akaweka sanduku chini, akafungua mdomo. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba ulimi wake ulionekana. Aliongea, akaongea, akavua kofia, akaiweka kaunta. Sharubu la Bwana Sharubu likatikisika, na Emilian hakusema kitu.

"Rudisha," alisema.

Witness akarudisha. Mama akashuka tena, akaongea tena.

"Rudisha, mama."

Mara hii Witness alifungua sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha.

"Anasemaje?" baba yake aliuliza.

"Anasema supu ilikuwa ya baridi kila siku. Na godoro lina mabonde."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, baba."

"Muongo huyo mama!" Petronila alisema kwa hasira ya kweli. "Supu gani? Alisema, mmeniita mwizi na mimi nikanyamaza. Sasa natoka na sanduku langu, limejaa vitunguu nilivyolima kwa mikono hii, na kila mkila chakula kisicho na ladha mtanikumbuka. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu, na shati langu la shamba. Nililia kama mtoto."

"Vitunguu!" Parsimei alimwonyesha fimbo. "Usimdhulumu marehemu. Aliongea ng'ombe. Alisema baba yake alimpa mtamba mwekundu, ukame ukamchukua mtamba, na yeye hakulia. Akasema, sasa nawalilia ninyi mnaolala ndani kwenye joto, msijue nani yuko nje. Mimi nilitoka hapo, nikamnunulia mke wangu Seenoi sukari na shanga. Muulize Seenoi. Sijawahi kumnunulia shanga kabla ya siku hiyo."

"Ng'ombe hotelini?"

"Alisema!"

Witness alikuwa ameisimamisha picha, Mama Kofia mdomo wazi, kofia mkononi. "Mimi mama alikuwa amenilaza nyuma yenu, kwenye magunia," alisema taratibu. "Nilisikia akimwambia Bwana Sharubu kwamba lazima aende, kuna mtoto amemwacha bila kumfunika. Nikajifunika mwenyewe."

Iliwajia mmoja mmoja, wakitazamana. Siku ya mnada alikuwa amewaona wafugaji mbele yake, akawapa ng'ombe. Siku ya wakulima aliwapa vitunguu vyao. Aligeuza macho gizani, akaona nani amekuja na amechoka na nini, akamsemea huyo. Maneno hayakuwa yamewekwa mahali. Kila mtu aliondoka na ya kwake, akalala nayo.

"Basi yote ni ya kweli," Petronila alisema, akifuta macho kwa ncha ya kanga. Halafu uso wake ukachangamka, akamgeukia Emilian. "Lakini wewe, shemeji! Sisi tulikuja mara mojamoja. Wewe ulikaa naye bega kwa bega kila siku ya Mungu. Wewe lazima unayo mengi kuliko sisi wote. Tuambie moja tu. Ukisimama kwenye misa, useme hilo."

"Sema, Mnyaturu," alisema Parsimei. "Na lile alilokusemea wewe. Lazima lilikuwepo."

Emilian alikuwa bado amepiga goti. Alimtazama mwanamke wa kofia ya kijani, mikunjo midogo kandokando ya macho yake, jasho jembamba juu ya mdomo. Jirani, redio ilikuwa ikitangaza mpira. Kuku mmoja aliingia mlangoni, akatazama, akatoka. Witness aliita, "Baba," mara moja, kisha akaacha.

Sentensi ya Bwana Sharubu ilikuwa kichwani mwake, nzima, kila neno mahali pake, na pale ambapo angeishusha sauti, na pale ambapo angengoja wacheke.

"Sikuwa namsikiliza," Emilian alisema, kwa sauti ambayo Petronila aliinama ili aipate. "Nilikuwa nangoja zamu yangu."