Taa ya Kwaya Ikilala

Nimerudi Bahi na diploma yangu ya elektroniki, niliyojilipia mwenyewe kwa kutengeneza simu Dodoma mjini, na kazi ya kwanza niliyopewa ni amplifaya ya kwaya ya bibi. Ilikuwa imeunguza fyuzi mbili ndani ya wiki moja, na Jumapili ni sikukuu ya mavuno. Nilipofungua kifuniko, harufu ya vumbi lililopata moto ikanirudisha utotoni.

Unaijua harufu hiyo, rafiki yangu? Kwetu ilichanganyika na mlenda wa bibi jikoni, maana jirani yetu, fundi redio, alifanyia kazi barazani kwetu. Amplifaya ile aliiunganisha kupitia balbu ya waya, ile ya zamani yenye uzi unaowaka ndani. Ukiwasha, balbu inang'aa, kisha inafifia. Ndipo anabonyeza swichi ya pili, na spika zinaamka bila kishindo.

"Mbona taa inalala?" nilimuuliza.

"Imeshameza fujo ya umeme. Usiguse swichi kabla haijalala, wewe kiherehere."

Nikagusa. Pasaka, kanisa limejaa, fundi amekwenda kusogeza spika, nami nikabonyeza swichi ya pili balbu ikiwa bado inang'aa. Duf! Fyuzi ikaenda, kwaya ikaimba kwa ngoma na makofi. Bibi hakunichapa; alisema tu kwamba iko siku nitaitengeneza mwenyewe.

Siku hiyo imefika. Fundi hatunaye tena, balbu yake iliungua, na madukani zimebaki za LED, ambazo kazi hiyo haziiwezi. Wanakwaya wakawa wanachomeka moja kwa moja. Nilimkuta mmoja akisokota waya aweke badala ya fyuzi.

"Weka chini hiyo," nikamwambia. "Mwenye diploma amefika."

Nikafunga rizista nene ya kupunguza umeme wa mwanzo, na rilei, swichi inayojiwasha yenyewe, ya kuiruka rizista hiyo baada ya sekunde mbili. Kazi safi, wapo mainjinia huko Mtumba, mji wa serikali, wasingeifunga hivyo.

Jumapili nikawasha. Rilei ikalia tk. Hakuna kishindo, fyuzi salama. Lakini kwaya ilianza vipande vipande, soprano mbele, besi nyuma.

Bibi akanigeukia. "Mjukuu wangu, taa iko wapi?"

"Siku hizi haihitajiki, bibi."

"Sasa tutajuaje pa kuvuta pumzi?"

Kumbe miaka yote waliitazama balbu. Ikilala, wote wanavuta pumzi pamoja. Hilo diplomani halikuwemo. Nimeitafuta balbu ya waya mpaka Chemba, na wauza duka wananitazama kama niliyeulizia koroboi.