Siku Tatu za Mzee wa Kabongo

Miaka yote hii kwenye garaji ya kaka yangu, sijawahi kushika spana. Kazi yangu ni kusema nani atangulie. Kaka yangu ana mikono miwili tu, na asubuhi tukifungua tunakuta pikipiki sita au saba zimeegeshwa vumbini, kila moja na mwenyewe pembeni. Naandika kwenye daftari nani amefika na nini kimeharibika. Halafu siku nzima nafuta na kuandika upya, kwa sababu hakuna anayekubali kuwa wa sita.

Mwanzoni nilijiwekea sheria nyepesi: aliyefika kwanza atengenezewe kwanza, isipokuwa mwenye mgonjwa au msiba. Haukupita muda mrefu mji ukaijua sheria yangu. Mke wa askari mmoja wa kule base, kambi ya jeshi, alimzika shangazi yuleyule mara mbili mbele yangu. Sikumkatalia. Kubishana tangu asubuhi kunachosha, na mtu aliyechoka huamini chochote.

Ndipo akaja mzee mmoja kutoka upande wa Kabongo, anaisukuma pikipiki. Ambreyaji, yaani klachi, ilikuwa imekwisha: injini inanguruma, gurudumu halitaki kuzunguka. Nikamwandika wa tatu. Akashukuru, akavua kofia, akaketi juu ya tairi kuukuu.

Siku ile nilimtanguliza muuguzi anayepeleka chanjo vijijini. Hilo silijutii. Kisha akaja yule mke wa askari, analalamika samaki wake wakavu wa Kinkondja wamekaa juani, naye nikamtanguliza. Mchana akafika dereva mmoja wa kubeba abiria, macho mekundu, akasema mjomba wake amefariki na wanamngoja kwa maziko. Naye alihitaji diski za ambreyaji, nasi tulikuwa na seti moja tu. Kaka yangu akaniangalia, anangoja niseme. Nikamtazama mzee pale kwenye tairi. Alikuwa ametulia, hajasema neno. Nikasema apewe dereva.

Diski nyingine zilikuwa njiani kwa treni kutoka Lubumbashi, na treni huja inapotaka. Mzee akalala kwenye ua wa parokia. Asubuhi akarudi, akatusalimu, akaketi palepale. Siku hiyo ya pili nilikwenda sokoni, nikamkuta yule dereva wa msiba amepakia abiria wawili, anacheka na wenzake. Aliponiona akageuza uso. Nilirudi garajini, na nilipompita mzee nikashindwa kumtazama.

Diski zilifika siku ya tatu. Kaka yangu alipokuwa akizifunga, nikasogea kwa mzee nikamuuliza nani anamngoja nyumbani. Nilikuwa naogopa jibu.

"Hakuna, mama," akasema. "Hakuna mugonjwa, hakuna kilio. Minyi nilitaka tu kurudia kwangu."

"Juu ya nini haukusema hata kitu kimoja?"

"Weye haukuniuliza."

Hakusema kwa hasira. Akavaa kofia, akawasha pikipiki, akaondoka. Nilibaki nimesimama na daftari mkononi. Ingekuwa nimechelewesha maziko ya mtu, ningelia yakaisha. Lakini huyu nilimsukuma nyuma kwa sababu moja tu, hakunisumbua.

Nilimwambia kaka yangu kwamba kuanzia kesho asiyedai kitu ndiye atatangulia. Akajifuta grisi, akajibu taratibu, "Na ile pia watajifunza, ndugu yangu. Kesho kutwa bote batakaa kimya."

Alisema kweli. Basi nikafuta mgonjwa na msiba vyote, nikabakiza muuguzi peke yake. Wengine wote nawauliza swali moja: umefika saa ngapi? Walionitukana ni wengi. Mke wa askari aliacha kunisalimu muda mrefu, na siku moja nilimweka kwenye foleni mtu ambaye kweli alikuwa na mtoto hospitalini. Hilo nalo ninalo moyoni. Sheria hii si nzuri kuliko ile ya kwanza. Inanichosha kidogo tu, basi.

Mzee wa Kabongo bado namwona akipita barabarani na magunia yake. Hupunga mkono, nami nampungia. Nasikia siku hizi anatengenezea kwa fundi mwingine, karibu na stesheni. Hajasimama kwetu tena, na sijamwita.