Kipande cha Pili cha Kanga

Wivu, ndiyo. Kwani nimekataa? We unasema siku ile nilikwenda chuoni kwa ajili ya haki, ati nilikuwa mwanaharakati. Mwanaharakati wapi! Mimi nilikuwa nafunga maboksi kwenye ghala moja Minto, huku Sydney, shule niliiachia njiani, Kiingereza nimejifundisha mwenyewe kwa redio na magazeti ya kuokota kwenye treni. Nilikwenda kuangalia nani ananinyang'anya dada yangu.

Si dada wa tumbo moja. Yeye wa Mombasa, mimi wa Tanga, tulikutania Sydney, tukapanga chumba kimoja Merrylands. Kwao walimlea kama mtoto wa kiume. Jioni moja jikoni, mimi nakuna nazi, akaniambia yeye ni mwanamke, tangu ajijue. Nikamwambia, "Basi dada, kaa hapa umalizie nazi, mkono unaniuma." Tangu hapo ni dada. Kabla ya daktari, kabla ya chuo, kabla ya wale watoto wenye nywele za zambarau.

Hao ndio walioniudhi. Chuoni kulikuwa na chumba cha wanawake, cha kupumzikia na kufanyia mikutano, na wenye chumba walimkatalia mlangoni: ati hakuzaliwa mwanamke. Wanafunzi wenzake wakaanzisha kampeni. Mabango, vikao, simu zisizoisha. Nyumbani ikawa "wenzangu wamesema hivi, wenzangu wanataka vile." Mimi niliyempaka hina yake ya kwanza nikawa mtu wa kuulizwa chumvi iko wapi.

Mwisho wenye chumba wakakubali kupiga kura, aingie au asiingie, na siku ya kura tuliahidiana sare. Mama alinitumia doti ya kanga kutoka Tanga, nyekundu yenye korosho nyeusi. Tukaikata katikati, kila mmoja akapinda kipande chake kwa mkono. Si unajua sare? Mkivaa sawa, watu wanaona hawa ni wa pamoja, ukimgusa mmoja umewagusa wote. Nikabadilishana zamu kazini, nikapanda treni nimejifunga kanga juu ya jinzi, wazungu wananikodolea macho.

Nafika kwenye nyasi mbele ya chumba, naona nini? Kipande chake kimechanwachanwa! Tepe tepe, kila mtu kajifunga mkononi.

"Umefanya nini?"

"Dada, usianze. Walitaka kitu cha kuonyesha tuko pamoja."

"Pamoja na nani? Ile ni sare yangu na wewe!"

"Sasa ni yetu sote."

"Sote! Mamangu kawatumia wao?"

Akacheka. Ndiyo kwanza akazidi kunitia moto. Msichana mmoja wa nywele za zambarau akaja kunisalimia. "Ametusimulia sana habari zako."

"Zako hajanisimulia," nikamjibu. Akauliza maandishi ya kanga yanasemaje. Sikumwambia. Angalau hilo libaki letu.

Machozi yakaanza kunilenga, na mimi silii mbele za watu. Nikaingia mlango wa kwanza niliouona, kumbe ndicho kile chumba. Hakuna aliyeniuliza kadi ya chuo. Mmoja akanisogezea kiti, mwingine akanimiminia chai. Nimefika nusu kikombe ndipo ikanijia: mimi mfunga maboksi nimekaa hapa kwenye mto laini, na yeye mwanafunzi kasimama nje.

"Mimi sisomi hapa," nikasema. "Anayesoma hapa ni yule mliyemfungia mlango."

Wakatazamana. Yule wa chai akasema, "Wewe ni tofauti."

"Tofauti gani? Umenichungulia?"

Nikaiacha chai yao mezani, nikatoka.

Kura wakaipiga humo humo ndani, bila yeye. Mmoja akaja mlangoni kusema wamekataa, labda mwakani. Dada yangu akakaa chini kwenye nyasi. Wale wa tepe wakamzunguka, wakamkumbatia, mimi natafuta pa kupita. Nikawasukuma, ndiyo, nikawasukuma. Nikakaa ubavuni mwake, nikamfunika mabega kwa kanga yangu. Akanilalia. Nikasema moyoni, haya, amerudi.

Ndipo wakaja wengine kutoka madarasani, wamesikia habari, wanataka kusimama naye. Hawana tepe. Yule wa zambarau akauliza kama kuna kitambaa kilichobaki. Mkasi ulikuwa pale pale kwenye nyasi. Dada yangu hakuniomba kitu. Alinitazama tu, akaivua ile kanga mabegani, taratibu, akanirudishia mkononi.

Sasa wewe unayeniambia wivu ni roho mbaya: ungeikata?