Jina Langu Katika Ubeti wa Mwisho

Harufu ya rangi ya magari ikinipita puani, popote nilipo, nakuwa tena na miaka minane, nimekaa sakafuni katika chumba cha nyuma ya gereji ya fundi Saidi, mtaani kwetu Buyenzi, nimekatazwa kukohoa. Ilikuwa likizo ya kiangazi, na Zaina, mdogo wa mwisho wa mama yangu, alikuwa akirekodi albamu yake. Hapakuwa na studio wala kampuni. Walikuwa wawili tu: yeye na sauti yake, na Saidi, ambaye mchana alinyoosha mabati ya magari yaliyogongwa na baadaye akapiga gitaa kwa vidole vilevile vyenye madoa. Ukutani waliegemeza magodoro mawili ya bibi ili kuzuia kelele, redio ya kaseti ikawekwa juu ya tairi, na mafundi wa jirani wakaombwa wapumzishe nyundo. Hawakukubali wote. Mpaka leo, katika wimbo wa kwanza, ule wa wauza ndagala, dagaa wa ziwani, wa Kajaga, kuna nyundo moja inayogonga inavyotaka yenyewe, nami naipenda kuliko gitaa.

Kila wimbo ulikuwa na hali yake. Huo wa Kajaga hunichekesha hata siku nisiyotaka kucheka. Wa tatu, wa mwanamke anayemngoja mume aliyevuka mpaka pale Gatumba, ulimtoa bibi chumbani akifuta macho na kusingizia moshi, na moshi wenyewe haukuwepo. Bibi hakupenda binti yake aimbe, lakini magodoro aliyatoa yeye. Mimi nilikuwa nikiusubiri wimbo wa sita. Huo ulikuwa wimbo wa nyumbani kwetu, na kila ubeti ulimtaja mmoja wetu kwa jina na kwa kasoro yake: bibi na hasira zake za asubuhi, mama na chumvi yake nyingi, baba na baiskeli yake isiyo na breki. Nilimsumbua mama mdogo aniambie mimi ameniimba vipi. Alinivuta sikio akicheka.

"We mutoto, jina yako iko ya mwisho. Kitamu kinawekwaka mwisho."

Bibi akaongeza kwamba subira huvuta heri, nami nikakunja miguu kuisubiri heri yangu.

Siku ya wimbo huo ilifika. Bibi akaimbwa, mama akaimbwa, baba akaimbwa. Gitaa likazunguka kuja kwangu, Zaina akanitazama, akavuta pumzi, na adhana ya alasiri ikaanza. Buyenzi adhana ikilia muziki hunyamaza, hata redio za gereji zilipunguzwa sauti. "Ngojea kwanza, wanaadhini," akamwambia Saidi, na kitufe kikabonyezwa. Walipomaliza kuswali, umeme ulikuwa umekatika. Wakasema watamalizia kesho. Kesho yake Zaina aliamka na homa. Alisema ni uchovu tu, akanywa chai ya tangawizi, akajifunga kanga na kuendelea kupika. Mdharau mwiba mguu huota tende. Tulipomfikisha hospitali malaria ilikuwa imempanda kichwani, na hakurudi akiwa hai. Magodoro yalirudishwa nyumbani, yakalaliwa na wageni wa matanga. Nilimlilia mama mdogo, na ndani ya kilio hicho niliulilia pia ubeti wangu, wala sikujua jinsi ya kuvitenganisha.

Saidi hakukubali mtu mwingine aumalizie wimbo ule. Alinakili kaseti kama ilivyokuwa, akaandika "Zaina" kwa kalamu ya bluu juu ya kila moja, zikanunuliwa na mafundi na akina mama waliovuka mpaka na vitenge vyao. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimwendea nikamwuliza kama anaukumbuka ubeti wa mwisho. Aliweka nyundo chini, akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Apana, mwanangu," akasema. "Ile ilikuwa mu kichwa yake tu. Hata mi nilikuwa naingojea."

Siku hizi gereji ile ni duka la vipuri, na binti yangu hurekodi kila kitu kwa simu: mvua, paka, mimi nikikoroma. Kitu kikikatika, anakirudia papo hapo. Nyimbo za Zaina nazo zimo humo, pamoja na ile nyundo. Juzi aliusikiliza ule wa sita, akavua visikilizio. "Mama, we hauko mu hii wimbo?" akaniuliza. Nilimwambia nimo, asikilize vizuri. Akaurudisha nyuma, nami nikasikiliza naye. Bibi tumemzika, baba tumemzika, mama amekatazwa chumvi na daktari. Zaina peke yake hajazeeka. Kwa umri aliofia, leo angekuwa mdogo wangu. Wahenga hao hao wa subira walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na hilo sihitaji kufundishwa. Gitaa likazunguka, mama mdogo akavuta pumzi. Najua maneno yale alimwambia Saidi, lakini kila mara nayasikia yakija kwangu. "Ngojea kwanza," anasema, na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nangojea.