Kitambaa cha Nyangeta

Uzi mpya wa pamba una harufu ya wanga. Wiki iliyopita mjukuu wangu Bhoke alikuja nao hapa Butiama, nikaunusa hata kabla sijaitikia shikamoo yake, nikajikuta nimerudi Musoma, Nyakato, barazani kwa Mama Hamisi.

Mama Hamisi alikuwa mke wa fundi cherehani. Jioni alitufundisha mabinti kufuma lesi ya kuzungushia vitambaa vya meza, kwa ile sindano yenye kichwa kama ndoana. Tulikuwa Rehema, Wegesa, Nyakwesi na mimi, tumejipanga ubavuni kwake mkekani. Sisi tuliotoka Makoko kuanika dagaa tulinawa kwanza kwa ndimu, maana uzi mweupe ukishashika harufu yao ndiyo basi tena.

Dada yangu Nyangeta alikuwa anaolewa Bunda, na mimi nilitaka kitambaa changu kiende naye. Tatizo, natumia mkono wa kushoto. Mikono ya Mama Hamisi inakwenda huku, yangu inakwenda kule, na lesi yangu inajikunja kama sikio la mbuzi. Mama yangu mzazi akachoka.

"Acha tu, Rehema atakufumia. Wakwe watatucheka."

Kesho yake Mama Hamisi aliitazama kazi yangu, akaifumua yote. Kisha akasema, "Wewe, toka hapo. Njoo ukae mbele yangu."

"Mbele anakaaga mwizi," Wegesa akanong'ona. Wakacheka weee.

Nikakaa, magoti yangu yanagusa yake. Kwa aibu sikuthubutu kumtazama usoni, nikatazama mikono tu. Akiingiza sindano, naingiza. Akivuta, navuta. Kwenye kona akarudia tundu lilelile, nami nikarudia, kona ikalala. Kitambaa kilikwenda Bunda, Nyangeta akakitandika chini ya redio yake. Mimi nikaamini kilichonifundisha ni woga. Mpaka nazeeka nilikuwa nasimulia kwamba Mama Hamisi hakunipendaga.

Sasa Bhoke yeye anatumia kulia. Nilimkalisha ubavuni kwangu, akaharibu, akafumua, akaharibu tena.

"Bibi, haya mambo yenu siyawezi."

Jua lilikuwa linazama, nikahamisha kigoda changu mlangoni kufuata mwanga. Tukawa tumetazamana.

"Eh! Sasa naona," akasema, na mkono wake ukaanza kufuata wangu.

Nikatazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa mkabala na wangu wa kushoto, kama mtu anavyojiona ziwani maji yakitulia. Sindano ikanisimama mkononi. Kumbe Mama Hamisi hakunitoa kwa wenzangu anitie aibu. Alinitafutia mahali ambapo mkono wangu haukuwa na kosa.

"Bibi, mbona umeacha?"

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Kuna mtu wa Nyakato sijamwamkia."