Anza na Mgongo
Watu nikiwaeleza habari hii huuliza kwanza, "Ulikuwa umekunywa?" Sikunywa! Ilikuwa Kwaresima, rubisi nilikuwa nimeiacha, na mke wangu ni shahidi. Tena haikuwa usiku, ilikuwa asubuhi. Kwa hiyo hilo la ulevi liweke kando, ukae nikueleze nilichokiona kwa macho yangu haya mawili.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, vilima vya Ngara vilipojaa maturubai kuanzia chini hadi juu. Nilikuwa na studio ya picha Ngara mjini, na nyumbani ni Nyamiaga. Nilikuwa hodari, usiniulize. Harusi zote, komunio zote, ni mimi. Basi shirika moja likanichukua nipange picha za filamu ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye daftari mtoto asimame wapi, kamera ikae wapi, picha ipi itangulie na ipi ifuate. Mpiga kamera alikuwa Deo, mtu mzima wa Biharamulo, mpole kuliko mimi. Filamu ikikamilika inapelekwa kambi nyingine, watu wanaitazama kwenye televisheni, na mzazi akimwona mwanawe anasimama kusema, "Huyu ni wangu."

Filamu ya kwanza niliipanga kistudio. Kwetu nani anapigwa picha na nguo za kulimia? Kina mama wa kambini wakawaogesha wale watoto, wakawanyoa vichwa, wakawapaka mafuta, wakawaazimia magauni na mashati. Mimi nikawasimamisha mbele ya shuka jeupe, mikono chini, kidevu juu, marufuku kucheka. Walipendeza hao! Ikazungushwa kambi zote. Hakutambuliwa hata mmoja.

Nililaumu televisheni, nikalaumu jenereta, nikawalaumu na wazazi. Mkubwa wetu wa kazi akaniambia, "Mzee, jaribu tena. Tepu imebaki moja." Halafu akanionyesha mtoto mmoja wa kike, wa miaka mitatu hivi, aliyeletwa kutoka mtoni walikovukia wakimbizi, bila ndugu. Hakuwa anasema neno. Jina lake halikujulikana, wakawa wanamwita Katoto tu. Akikosa mtu safari hii, angepelekwa kituo cha mbali sana, na ukishapelekwa huko bila jina, nani atakufuata?

Niamini, usingizi ulinipaa. Siku ya kazi nikafika kambini alfajiri, nikakaa juu ya jiwe na daftari langu, ukungu umetanda hata mahema ya jirani siyaoni. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena yaleyale: shuka, kidevu juu.

"Kaka, hivyo hawatamjua."

Nikageuka. Mwanamke, si mzee si msichana, kitenge kimelowa chapachapa. Alinisemesha Kinyarwanda, na sisi Wahangaza hicho hatuhitaji mkalimani. Nikadhani ni ukungu uliomlowesha. Nikamjibu kwa ukali, maana mimi na kukosolewa hatupatani, "Dada, hii ni kazi ya watu waliosomea."

Hakukasirika. Akasema, "Yule mdogo asiyesema, anza na mgongo wake."

"Mgongo? Nani anapigwa picha ya mgongo?"

"Ukimtuma mtoto maji, unatazama nini? Si kisogo chake anavyokwenda? Mwache na kigauni chake kilichochanika. Mpe gunzi la mahindi, atalibeba mgongoni kama mtoto. Apande hapo kilimani, wewe uwe chini."

Wacha wee! Nilikuwa na miaka kumi na tano studio na hilo halijawahi kunipitia kichwani. Nikafungua ukurasa mpya. Akaendelea, na mimi naandika mbiombio. Picha ya pili, mikono yake akifunga kitambaa cha kubebea gunzi, karibu kabisa, kwa sababu hufunga fundo bega la kushoto kisha analipigapiga mara mbili. Uso uje mwisho. Tena kamera isishushwe hadi usawa wa mtoto kama nilivyozoea. Iwekwe juu, kimo cha mtu mzima. "Mzazi humwona mwanawe kutoka juu," alisema, "na mtoto humtazama hivi." Akainua kidevu kidogo, akakilaza upande.

Haki ya Mungu, huyo alikuwa fundi. Nilimuuliza mambo ya mwanga, akajibu. Nikamuuliza picha ya mgongo ichukue muda gani, akasema mpaka Katoto ajikwae, maana lazima atajikwaa, na akijikwaa huinuka bila kulia. Nilimmiminia chai kutoka kwenye chupa yangu. Hakuigusa. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na kweli mimi nilikuwa nimepona. Nikawa nacheka peke yangu kwa furaha.

Deo akaja, ukungu ukaanza kupanda. Tukafanya kama ilivyoandikwa. Katoto akabeba gunzi, akapanda, akajikwaa, akainuka. Fundo akafunga bega la kushoto, akalipigapiga mara mbili. Tulipofika kwenye uso, yule dada alikuwa amesimama ubavuni mwa kamera, karibu na Deo kabisa. Katoto akainua macho, akalaza kidevu, akatabasamu. Kisha akasema, "Mama."

Mtoto asiyesema!

Deo akazima kamera, akaniuliza polepole, "Mzee, amemwona nani hapa?"

"Si huyu dada aliye kushoto kwako?"

Deo akatazama kushoto kwake. Mimi pia nikatazama. Palikuwa na majani yenye umande, na umande wenyewe haujakanyagwa. Nikakaa chini palepale kwenye matope, na suruali yangu nzuri.

Filamu tuliipeleka upande wa Biharamulo. Watu walikaa chini, jenereta inanguruma. Ulipoanza mgongo wa Katoto wengine wakacheka, "Hawa wamesahau kumgeuza?" Lakini alipojikwaa tu akainuka, mwanamke mmoja akapiga yowe, "Uwera! Uwera wetu!" Uso ulikuwa bado haujaonekana. Mwanamke huyo alikuwa analima vibarua Nyamahanga, na siku hiyo alikuja kambini kuchukua mgao tu.

Alikuwa mama mdogo wa mtoto. Baadaye, machozi yakiwa yamepungua, akaniuliza nani alijua kuanza na mgongo. Nikamweleza yule dada, sauti yake, kitenge chake. Akashika kichwa. "Ni dada yangu. Alizama tukivuka. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, kaka. Nikauachia ili nimsukumie mtoto kwenye mtumbwi."

Kisha akaniuliza, "Alisema lolote kuhusu mimi?"

Sasa nisikilize vizuri. Nilikuwa na yule marehemu asubuhi nzima. Nilimuuliza mwanga, nilimuuliza umbali, nilimuuliza kamera ikae wapi. Jina lake sikumuuliza. Anatafuta nini, ana ujumbe gani, sikumuuliza. Nilifurahia akili yake kama mtu aliyeokota pesa.

Nikamjibu yule mdogo wake, "Alisema hakudai kitu. Alisema ulifanya vizuri kumwokoa mtoto."

Alilia, akanishika mikono yote miwili, akashukuru. Uwera yuko hai, ni mtu mzima, ana watoto wake. Mama yake mdogo kila Krismasi alikuwa ananitumia salamu, na kila zikifika nilikuwa nashindwa kula. Sijapanga picha tena bila kwanza kuuliza kila anayepita, "Wewe ni nani, na una neno gani?" Watu wananiona nimechanganyikiwa. Waache.

Nawe, ukitokewa na mtu usiyemjua, akakusaidia kazi kuliko wote unaowajua, usimalize kumsifu kabla hujamuuliza ametumwa na uchungu gani. Haya yote niliyokusimulia ni kweli tupu, isipokuwa yale maneno niliyompa mama mdogo wa Uwera. Hayo nilitunga mimi.